Vumbi la Mbao Sakafuni

Mwaka juzi nililipa shilingi 50,000 kuhudhuria semina ya siku moja ya masoko ya mtandaoni katika hoteli moja jijini Dar es Salaam. Tulifundishwa saa nzuri ya kuposti, rangi zinazovuta macho na idadi ya hashitagi, na baada ya chakula cha mchana mkufunzi akatuonyesha namna ya kulipia tangazo ili lisukumwe mbele ya watu. Tulikuwa kama 40 ukumbini. Jumatatu iliyofuata, wote 40 tukawa tunaposti saa ileile, kwa rangi zilezile, na kulipia tusukumwe mbele ya watu walewale. Sikusikia aliyeuza. Chapati zilikuwa laini, hilo nakiri.

Wiki chache baadaye nilikuwa napitia stetasi za WhatsApp, kazi ninayoifanya kuliko ninavyotaka mke wangu ajue, nikakutana na beseni. Ni dada mmoja anayeuza madera Kariakoo. Namba yake ninayo kwa sababu nyumbani kwangu ni wateja wake. Siku zote huweka picha kama wenzake: dera jipya limetundikwa kwenye henga, bei haijaandikwa, "njoo inboksi". Safari hii kulikuwa na beseni la plastiki, povu, na mikono yake miwili ikifikicha dera la maua ya buluu. Hakusema neno. Alifua, akasuuza, akakamua, akaanika. Kesho yake beseni lilelile, dera lilelile. Keshokutwa tena. Siku ya saba hakuanika. Alichota maji ya mwisho ya kusuuzia kwa glasi ya kunywea, akaiinua dirishani mwanga upite. Maji yalikuwa meupe, kama ya bombani siku ambayo bomba limeamua kuwa na adabu.

Nilipopita dukani kwake mzigo ule ulikuwa umeshakwisha. Nikamuuliza wazo lile alilitoa wapi. Akanishangaa.

"Kaka, dera jipya kila mtu analo," akasema huku anakunja mengine. "Mteja haogopi bei. Anaogopa beseni."

Glasi ile ilinikumbusha kiwanda kimoja cha mji wa Orem, jimbo la Utah, Marekani. Blendtec hutengeneza blenda zenye nguvu ya kutisha na bei ya kutisha vilevile, lakini mwaka 2006 ukitoa wenye migahawa na vibanda vya juisi, watu wa majumbani hawakuijua. Mwaka huo ikamwajiri George Wright asimamie masoko. Siku moja katika pitapita zake kiwandani akakuta vumbi la mbao limetapakaa sakafuni kwenye chumba cha majaribio. Akauliza ni la nini. Akaambiwa ni kazi ya mkubwa mwenyewe: Tom Dickson, mwanzilishi wa kampuni, alikuwa na mazoea ya kutumbukiza vipande vya mbao ndani ya blenda aone kama itashindwa. Haikushindwa.

Hapo ndipo napenda kusimama kidogo. Dickson hakuanza kusaga mbao ili Wright aje aone. Wafanyakazi walikuwa wameshaizoea tabia ya bosi wao, na lile vumbi kwao lilikuwa jambo la kufagia tu. Ushahidi mkubwa kuliko wote kwamba blenda zile ni imara ulikuwa unazolewa na kutupwa. Ilihitajika mgeni, mtu ambaye macho yake hayajachoka, ndipo vumbi likaonekana kuwa ni kitu.

Wright akachukua dola 50, akanunua koti jeupe la maabara, mfuko wa gololi, reki ya bustani, kuku mzima wa kuokwa na vikorokoro vingine. Wakamvalisha Dickson lile koti, wakawasha kamera. Mzee anasimama nyuma ya blenda kama mwalimu wa kemia aliyelala vizuri, anauliza swali moja tu, je, itasagika?, anatumbukiza gololi, anabonyeza. Kioo kinageuka unga. Anatabasamu. Basi. Video za kwanza zilipandishwa YouTube mwishoni mwa Oktoba 2006, mwezi uleule ambao Google ilitangaza kuinunua YouTube yenyewe, na katika siku tano za mwanzo zilitazamwa mara milioni 6 hivi. Mwaka uliofuata, wakati watu wamepanga foleni usiku kucha kununua iPhone ya kwanza, Dickson aliichukua moja akaisaga. Ilitoka moshi mweusi na vumbi jeusi. Kuna watu waliumia rohoni kabisa, na blenda zikauzwa kuliko zilivyowahi kuuzwa.

Wakufunzi wetu wana msemo wa kuazima, "fikiri nje ya boksi". Mimi nimeshausikia hadi umepauka. Wright hakutoka nje ya kitu chochote. Aliinama akaangalia sakafu.

Miaka kumi kabla ya hapo, vijana wawili wa California, Sabeer Bhatia na Jack Smith, walikuwa na shida tofauti. Walikuwa wametengeneza huduma ya barua pepe ya bure inayofunguka kwenye kompyuta yoyote, wakaiita Hotmail, na kuifungua kwa umma tarehe 4 Julai 1996. Kampuni ya uwekezaji ya Draper Fisher Jurvetson iliwapa dola 300,000, fedha ambazo kwa matangazo ya Marekani zinaishia kwenye mabango machache ya barabarani. Tim Draper, mmoja wa wawekezaji hao, akatoa rai: mtu akimaliza barua yake, chini ya jina lake panabaki patupu. Pale pawekwe sentensi moja ya kumwambia msomaji kwamba naye anaweza kupata barua pepe yake bure Hotmail. Alitaka hata iongezwe kauli ya "nakupenda" kwa utani. Waanzilishi walisita, kuchomeka tangazo ndani ya barua ya mtu waliona si uungwana. Mwishowe wakakubali sentensi, mapenzi wakayaondoa.

Kila aliyetumia Hotmail akageuka mchuuzi wake bila kujua. Na mchuuzi huyo hakuwa mtu baki: alikuwa shemeji yako, mwanafunzi mwenzako, binti yako aliyeko masomoni. Kufikia mwisho wa 1997 wateja walikuwa milioni 8 na ushei, na Microsoft ikainunua kampuni kwa takribani dola milioni 400. Mimi bado nadhani wale vijana walikuwa na haki ya kusita. Mwenye barua hakuulizwa. Siku hizi hatuulizwi mambo makubwa zaidi ya hayo, tumezoea.

Lakini yupo aliyewatangulia, tena huku kwetu, na hakumwekea mtu tangazo kwa mlango wa nyuma. Ukienda Mombasa, mtaa wa Biashara, watu wa kanga watakutajia jina la Kaderdina Hajee Essak, mfanyabiashara aliyejulikana zaidi kwa jina la Abdulla. Kanga, au leso kama wanavyosema wao, ilikuwapo kabla yake, na mapambo yake yalikuwa yale yale tunayoyajua: pindo pande zote nne, mji katikati. Yeye ndiye anayesifiwa kwa kuanza kuchapisha methali na misemo juu ya kanga, mwanzoni mwa karne iliyopita. Mwanzoni maneno yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye za Kirumi. Na pamoja na maneno hayo ikachapishwa alama yake: K.H.E., Mali ya Abdulla.

Hebu tazama ujanja wake. Nguo ni ileile ya kila duka. Rangi zinaigwa, maua yanaigwa. Palikuwa na kipande cha kitambaa juu ya pindo la chini ambacho hakikuwa na kazi. Akakipa kazi, na kazi yenyewe hakuipata kwenye kitambaa, aliipata kwa wateja wake: wanawake waliokuwa na maneno ya kumwambia jirani, wifi au mke mwenza, maneno ambayo yakitamkwa yanaleta ugomvi lakini yakivaliwa hayana mwenyewe. Mwanamke akinunua doti ananunua jibu. Analivaa, analipeleka kisimani, msibani, harusini, anahakikisha limesomwa na anayetakiwa kulisoma. Na kila linapopita, Mali ya Abdulla inapita nalo. Tofauti na barua za Hotmail, mvaaji analijua tangazo alilolibeba, ameligharamia mwenyewe, na akiliona zuri anarudi kuuliza kama kuna maneno mapya. Kuna kampuni leo zinalipa mamilioni zipate mteja wa namna hiyo.

Kwa hiyo ninapomsikia mtu akisema mambo haya ni ya vijana wa California, huwa namwangalia mama yake amejifunga nini.

Afrika Kusini walilifanya jambo kama hilo kwa ujumbe ambao sote tumewahi kuutuma kwa aibu kidogo: tafadhali nipigie. Huna salio, mtandao unakupa ujumbe wa bure wenye namba yako, unamtumia mwenye nacho. Ujumbe mfupi wa simu una nafasi ya herufi 160. Ombi la kupigiwa na namba vinachukua kipande tu. Herufi kama 120 zinabaki zikisafiri tupu, kutoka kwa mtu maskini kwenda kwa mtu aliye karibu naye. Mwaka 2008 mradi ulioitwa Masiluleke, ambao kampuni ya simu ya MTN iliutolea nafasi hiyo, ulianza kuijaza kwa maneno machache kuhusu Ukimwi na namba ya simu ya msaada. Jumbe zilikuwa zikienda kama milioni moja kwa siku. Simu zilizopigwa kituo cha ushauri cha Johannesburg ziliongezeka takribani mara tatu.

Hebu fikiria mtu wa kawaida wa masoko angeanza wapi. Angeanza na bango lenye picha ya familia inayocheka, labda wimbo wa msanii mkubwa. Pengine vyote hivyo vingemfikia mtu mchana, katikati ya umati. Ujumbe ule ulifika mfukoni, kutoka kwa mtu anayemjua, akiwa ameshika tayari chombo cha kupigia. Sijui fedha ya matangazo inayoweza kununua dakika ile.

Ya Burger King, wauza baga wa Marekani, nitaisema kwa ufupi kwa sababu ni ya kuchekesha zaidi kuliko ya kufundisha. Desemba 2018 walitaka Wamarekani wapakue programu yao ya simu. Shida yao ya siku zote ni kwamba McDonald's wakati huo alikuwa na migahawa takribani 14,000 nchini humo, karibu mara mbili ya yao. Wakaigeuza shida kuwa masharti ya ofa: fungua programu yetu ukiwa umbali usiozidi futi 600, yaani kama mita 180, kutoka mgahawa wa McDonald's, tutakuuzia baga yetu ya Whopper kwa senti moja; kisha simu itakuonyesha njia ya kwenda kwetu. Watu wakawa wanaingiza magari kwenye maegesho ya McDonald's, wanaagiza chakula cha mpinzani, wanaondoka. Ndani ya siku tisa programu ilipakuliwa mara milioni 1.5, na mwaka uliofuata kampeni ikazoa tuzo kubwa za matangazo za Cannes Lions. Wingi wa milango ya adui ukawa wingi wa milango yao. Mswahili angesema wamekwenda kuchinja kwenye ua wa jirani, ila nyama wakala kwao.

Sasa kuna kijana ambaye habari yake imetumiwa vibaya kwenye semina nyingi, na nataka kuisimulia mpaka mwisho, kwa sababu wakufunzi huishia katikati. Alex Tew alikuwa na miaka 21, anatoka mji mdogo wa Cricklade, Uingereza, na mwaka 2005 alikuwa anakaribia kuanza masomo ya biashara Chuo Kikuu cha Nottingham. Aliogopa kumaliza chuo na deni. Akakaa na daftari, akajiuliza atapataje dola milioni moja. Tarehe 26 Agosti 2005 akafungua tovuti yenye ukurasa mmoja mtupu wa pikseli 1,000 kwa 1,000. Pikseli ni kile kitone kimoja kinachojenga picha kwenye kioo cha kompyuta. Vitone milioni moja, kila kimoja dola moja. Vikauzwa kwa vibonge vya 10 kwa 10, maana chini ya hapo huwezi kuona chochote. Kibonge cha dola 100 kilikuwa na ukubwa wa punje ya mchele. Aliyenunua aliweka picha yake ndogo pale, na ukiibofya inakupeleka kwenye tovuti yake.

Walionunua mwanzo ni ndugu na rafiki. Dola 1,000 za kwanza zilipofika alizitumia kutoa taarifa kwa vyombo vya habari. BBC wakaichukua, na hapo ukurasa ukaanza kujaa. Ulikuwa mbaya kuutazama, kama ukuta wa stendi uliobandikwa vipeperushi na watu waliokuwa na haraka. Hakuna aliyejali. Aliyenunua punje ya mchele alijua fika kwamba hakuna atakayeiona katikati ya nyingine zote. Alinunua kiti ndani ya habari ambayo magazeti yalikuwa yanaiandika. Pikseli 1,000 za mwisho zilipigwa mnada eBay, na tarehe 11 Januari 2006 zikauzwa dola 38,100. Jumla ikawa dola 1,037,100. Mwezi huohuo wahuni wa mtandaoni walimdai fidia, wakaizima tovuti yake kwa siku kadhaa kwa kuizidishia mzigo. Hakuwalipa.

Semina huishia hapo. Washiriki wanapiga makofi, wanarudi nyumbani kutafuta kitu cha kuuza vipande milioni. Kilichofuata ni kwamba nakala za ukurasa ule ziliibuka kwa mamia, kila moja ikiuza pikseli zake, na sijui hata moja iliyotajirisha mtu. Pikseli zao zilikuwa sawa kabisa na za Tew, pengine zilipangwa vizuri zaidi. Kilichokosekana ni gazeti la kuandika kwamba kuna mtu wa pili amefanya jambo lilelile. Hata Tew mwenyewe alijaribu tena, Desemba 2006, kwa ukurasa mwingine: pikseli dola 2, nusu ya mapato apewe mbofyaji mmoja mwenye bahati. Alikuwa na jina, alikuwa na uzoefu, alikuwa na zawadi ya kugawa. Hakukaribia hata lengo lake. Mwaka 2012 alishirikiana na mwenzake kuanzisha Calm, programu ya kuwatuliza watu na kuwasaidia kulala, na hiyo ndiyo iliyokuja kuwa kampuni kubwa. Ukurasa wa pikseli bado upo. Mwaka 2017 maktaba ya chuo cha sheria cha Harvard ilipochunguza viungo vyake 2,816, ilikuta 547 havifunguki kabisa. Wenye tovuti wameshafunga biashara. Vitone vyao bado vinang'aa.

Wazo la namna hii lina uhai wa mkate wa ufuta. Asubuhi linanukia mtaa mzima, jioni unaligonga mezani linaitika. Ndiyo maana ile orodha ya semina yangu, saa ya kuposti na rangi za kuvuta macho, ilikuwa imeshakauka kabla haijatufikia. Kila kilichokuwamo kiliwahi kuwa ugunduzi wa mtu mmoja, mahali fulani, aliyekuwa anaangalia biashara yake mwenyewe.

Mwezi uliopita nilirudi Kariakoo na sikushangaa kukuta mabeseni. Stetasi yangu ilikuwa imejaa povu. Mwenye vitenge anafua, mwenye mashuka anafua, kuna kijana anauza viatu vya mtumba naye kavitumbukiza majini, jambo ambalo lingekuwa jema kama gundi ingekubali. Wote wameinua glasi dirishani. Nikamwonea huruma yule dada, nikaenda kumpa pole.

Hakuwa na muda wa pole. Alikuwa na simu mbili mezani, anapitia picha alizotumiwa na wateja wake wa zamani. Alikuwa amewaandikia mmoja mmoja, wale walionunua kwake miaka minne au mitano iliyopita, akiwauliza lile dera sasa liko wapi. Mmoja alilikatia mtoto nepi. Mwingine amelishonea foronya. Wa tatu, mama wa Mbagala, alimtumia picha ya tambara la kudekia, limening'inia kwenye mpini wa fagio nyuma ya mlango wa jikoni, limechanika pande mbili, na katikati maua mekundu yamekaa kama yalivyotoka kiwandani.

Hiyo ndiyo aliyoiposti. Tambara, fagio, mlango. Juu yake aliandika mwaka lilipouzwa, basi. Wakati nasimama kuaga simu moja ikalia, akaisoma, akacheka, akanigeuzia kioo nione. Ilikuwa imeandikwa: "Dada, la maua hayo bado lipo?"